Popo wa Shirika Hawanyi

Mama mmoja wa mjini, kavaa buti mpya za mpira ambazo hazijawahi kukanyaga tope, alikuwa analia. Alisimama jukwaani mkono kifuani, uso kauinua angani, akilia kwa sauti ndogo ya watu wenye adabu, huku mumewe akimrekodi kwa simu. Juu yao popo walipita maelfu kwa maelfu, wametanda kama moshi wa shamba linalochomwa, wakitoka korongoni kuelekea kule jua lilikokuwa linazama nyuma ya milima ya Upare.

"Wamerudi," alisema yule mama. "Jamani, wamerudi kweli."

Nakunda alimwona kwenye kioo cha mtambo, akasonya.

Alikuwa peke yake katika chumba cha kuongozea, kibanda cha vioo kilichojengwa juu ya jabali, mahali ambapo wageni waliambiwa pana kituo cha kupimia mvua. Alitelezesha kidole, na kundi zima likajipinda kwa pamoja, likashuka juu ya jukwaa hadi likawapeperusha watu nywele. Jukwaa likalipuka kwa yowe la furaha. Kila mwaka, mvua za kwanza za masika zikishagusa ardhi, Nakunda aliwashusha popo pale pale, na kila mwaka watu walilia pale pale. Aliwatazama kwa jicho la mpishi anayemsikiliza mlaji akisifia supu ya pakiti.

Popo wale hawakuwa wamerudi kutoka popote. Walikuwa wametoka bandani, chini ya jabali, ambako walishinda wakining'inia kwenye vyuma, wakichajiwa. Mabawa yao yalikuwa ya plastiki nyembamba, mifupa ya kaboni, na tumboni mlikuwa na betri. Popo wa kweli walitoweka Upare Nakunda akiwa bado binti wa shule, ile miaka ya kiangazi kirefu, mikuyu ilipokauka na watu wenye hofu ya homa wakawamalizia kwa sumu wale waliobaki. Mbega wakafuata, ndege aina ya korongo wakafuata, hata vyura wakanyamaza. Kisha likaja Shirika la Marejeo. Likazungushia bonde uzio, likaliita hifadhi, na baada ya miaka michache likatangaza kwamba maumbile yamepona. Popo walirudi. Mbega wachache walionekana kwa mbali, juu ya miti ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuisogelea. Vyura nao walirudi, ingawa wote walikuwa spika zilizofukiwa kwenye matope. Barabara ikaja, zahanati ikaja, maji ya bomba yakaja. Siri ilijulikana kwa mkurugenzi na kwa mafundi wachache waliokula kiapo, na fundi mkuu wa popo alikuwa Nakunda, mzaliwa wa kijiji hicho hicho cha Ikanyeni.

Kitu kikapiga dirishani. Paa!

Alidhani ni tope. Alipotoka na kitambaa kulifuta, alinusa harufu iliyomrudisha utotoni kwa nguvu hata akashika fremu ya dirisha. Uchafu ule ulikuwa wa kahawia, unanata, umejaa mbegu ndogondogo za kuyu.

Aliutazama kwa muda. Popo wa Shirika hawanyi.

*

Asubuhi alifungua lango la uzio akashuka korongoni peke yake. Hakuhitaji kutafuta sana. Aliwasikia kabla hajawaona, kelele za kugombana kama za akina mama kwenye foleni ya maji, halafu harufu ikamjia. Walikuwa wamejibana kwenye mti mmoja mkavu, wachache, hata kuwaita kundi ni kuwakopesha jina. Manyoya yao yalikuwa ya manjano iliyochujuka, na wamekonda hivi kwamba mbavu zilionekana kutoka chini.

Chini ya mti wengine walikuwa wamekufa. Aliokota jike mmoja, mwepesi kama gunzi la mahindi. Kitoto chake kilikuwa bado kimemng'ang'ania titi, nacho kimepoa.

Hakuelewa. Makuyu mabivu yalikuwa yamejaa tele kwenye mkuyu mkubwa ulio kando ya kijito, chini tu ya jukwaa la wageni. Popo anaufikia kwa kupiga mabawa mara chache. Nani anakufa njaa mlangoni pa jikoni?

Kisha akaelewa, akakaa juu ya jiwe.

Ilikuwa kazi yake mwenyewe. Mitambo isingeweza kuruka pamoja bila sauti ya kuishikanisha. Kila popo wa plastiki alisikiliza mwito wa wenzake, akajua amwache nani mbele na amkaribie nani pembeni. Nakunda angeweza kutumia mlio wowote. Alichagua mwito wa kweli, kutoka rekodi za zamani za popo wa Upare, ule ambao popo huitana wanapokwenda kula. Aliuchagua kwa fahari ya ufundi tu. Sasa popo hawa, waliosafiri kutoka anakojua Mungu kwa kufuata mvua, waliusikia kila jioni. *Njooni, chakula kiko huku.* Wakaufuata. Wakazunguka nao juu ya jukwaa, juu ya hoteli, juu ya mabwawa ya kuogelea, usiku kucha, wakingoja wenzao wenye nguvu wawafikishe kwenye matunda. Alfajiri wenzao waliingia bandani, nao wakarudi kwenye mti mkavu, tumbo tupu.

Jambo la kwanza alilohisi Nakunda lilikuwa majivuno. Hata popo wenyewe walikuwa wamedanganyika! La pili lilikuwa dharau: wajinga ni wale wale, wawe na buti au wawe na mabawa. Halafu akatazama tena mkononi mwake, kile kitoto na mdomo wake uliofungika juu ya titi lisilo na kitu, na hisia ya tatu haikuwa na jina alilolijua.

*

Mkurugenzi Kalaghe alikuwa anakunywa chai ofisini. Alikuwa mtu wa marashi na suti za rangi ya udongo, na hata akiomba sukari alisema kama anayefungua mkutano.

"Wa kweli?" aliuliza, kama aliyeambiwa kuna mende jikoni.

"Wa kweli, Mkurugenzi. Na wanakufa kwa sababu yetu."

"Watakwisha lini?"

Nakunda alidhani hakusikia vizuri. "Wakifuata mitambo mpaka mwisho wa juma hili la maonyesho, Juma la Marejeo, hatabaki hata mmoja."

"Basi tatizo linajimaliza lenyewe." Alichovya kipande cha chapati kwenye chai. "Waziri anakuja kesho, Mhandisi. Unataka nimwambie nini? Mheshimiwa, subiri kidogo, kuna popo wanakula?"

"Tuahirishe. Tuseme mvua imezidi."

"Wageni wamekuja kwa ajili ya mvua."

"Basi tuzime mwito tu, mitambo iruke kimya."

"Bila mwito itagongana kama walevi. Wewe ndiye uliyeitengeneza hivyo, na ulituzwa kwa hilo." Akafuta vidole, kimoja kimoja. "Tena umenikumbusha. Hao wa kwako wanaweza kugongana na mitambo mbele ya waziri. Kesho nitaagiza mwewe awe tayari."

Mwewe kilikuwa chombo cha ulinzi, kikubwa kuliko popo wote, chenye makucha ya umeme. Kazi yake ilikuwa kuondoa ndege waliopotea njia. Nakunda mwenyewe ndiye aliyekifungia akili, na kitu pekee alichokikataza ni kushuka mahali penye watu.

"Wamerudi wenyewe," alisema. "Kila siku tunawadanganya watu kwamba wamerudi. Sasa wamerudi kweli, na sisi ndio tunawaua."

Kalaghe alimtazama kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Zahanati yenu inaendeshwa na nini? Maji yenu yanavutwa na nini? Popo wangu wa plastiki wanalisha kijiji kizima. Hao wako watalisha nani? Kama unaweza kwenda kumwambia mama anayejifungua kwamba taa imezimwa kwa sababu ya wanyama wanaonuka mkojo, nenda. Mimi sikuzuii."

Nakunda alimdharau kwa marashi yake, kwa chapati yake, kwa vidole vyake alivyofuta kimoja kimoja. Lililomchoma ni kwamba yote aliyoyasema yalikuwa kweli.

*

Alasiri, kabla ya kurusha popo, alikwenda kwa shangazi yake, Naetwe, dada mkubwa wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu. Naetwe alikuwa barazani akiparua tangawizi. Ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama iliyowaimbia popo kila mwaka wanapotoka korongoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Shirika halikulishi?"

Nakunda alikaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akaanza kuparua naye. Alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa. Watu wazima wana haki ya kujua. Angeanza na shangazi, na shangazi angewaambia wenzake, na kijiji kingeamua chenyewe. Njiani mpango ulionekana mzuri.

"Shangazi, hivi kwa nini huwa unawaimbia wale popo? Ni wadudu tu hawa, wana mabawa."

Alikusudia iwe mzaha. Naetwe hakucheka.

"Unamkumbuka Mcharo?"

"Namkumbuka." Mcharo alikuwa mtoto wa mwisho wa shangazi. Alikufa kwa kuhara ule mwaka visima vilipokauka.

"Sikumlilia. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Machozi hayakuwapo, mwanangu, yalikauka pamoja na kisima. Nikakaa hivyo miaka. Nilikuwa nakula kwa sababu naambiwa kula. Halafu ile masika ya kwanza popo waliporudi, nilisimama hapa hapa barazani, nikawaona wanatoka kule wamejaa mbingu. Nikasema, kumbe. Kumbe kitu kinaweza kuondoka kabisa, na Mungu akakifungulia mlango kikarudi. Nikapiga magoti nikalia mpaka majirani wakaja. Usiku ule nilipika ugali mwenyewe, nikala, nikashiba."

Nakunda aliendelea kuparua tangawizi ambayo ilikwisha kuparuliwa. Masika ile ya kwanza alikuwa kibandani juu ya jabali. Aliwaona kwenye kioo wanawake waliopiga magoti, akawaita mafundi wenzake waje waone. *Wanasujudia betri*, aliwaambia, na wakacheka hadi wakashika mbavu. Kamera ya wakati ule haikuonyesha nyuso.

"Shangazi."

"Naam."

"Kama wale popo wangekuwa..." Alishindwa. "Hakuna kitu. Imbeni vizuri kesho."

Naetwe aliweka kisu chini. "Wewe mtoto una dharau. Nimekulea, naijua. Inakutoka puani hata ukiniamkia. Ulipokwenda chuo nikasema itapungua, ikarudi na digrii. Sikuombi upende ninachokipenda. Ila ukija barazani kwangu kucheka, chekea kwako."

"Sikuja kucheka, shangazi."

"Basi ulikuja kufanya nini?"

Nakunda alinyanyuka kwenye kigoda. Aliaga, akaondoka, na njia nzima mikono yake ilinuka tangawizi.

*

Siku ya waziri mvua ilinyesha rasharasha, mvua nzuri ya maonyesho. Jukwaa lilijaa. Waziri alikaa katikati, kashikiwa mwavuli. Kwaya ya akina mama ilijipanga kando, wote kanga moja, na Naetwe akaanzisha wimbo.

Nakunda akafungua banda. Popo wakamwagika angani, na kelele za watu zikafunika wimbo.

Kwenye kioo mitambo ilionekana kwa alama za kijani. Nyuma yake, mbali, zilifuata alama chache nyeupe zisizo na namba. Zilikuwa zinayumba. Aliona moja inashuka, inajitahidi kupanda, inashuka tena. Kisha haikuwapo.

Alifikiria zahanati. Alifikiria pampu ya maji. Alijaribu kumfikiria mama anayejifungua gizani, na akamwona vizuri kabisa, hata akamjua kwa jina. Halafu akafikiria kesho, na mwaka kesho, na mwaka wa baadaye, yeye akiwa juu ya jabali anawashushia watu plastiki na kuwasonya kwa kuiamini. Na ikamdhihirikia kwamba kwa miaka yote hiyo aliwadharau wale waliodanganywa kwa sababu ndiyo njia pekee iliyomwezesha kuwadanganya.

Akabonyeza amri ya kutua.

Mwito ulikatika. Popo wakashuka pale pale walipokuwa, maelfu yao, polepole kama majani. Wakatua nyasini, juu ya mabati ya jukwaa, mapajani mwa wageni, na mmoja juu ya mwavuli wa waziri. Wakakunja mabawa. Akazima na vyura, na bonde likanyamaza hata mvua ikasikika.

Yule mama wa buti mpya aliokota wa kwake, akamgeuza. Tumboni aliandikwa: *Mali ya Shirika la Marejeo. Usifungue betri.*

"Nini hiki?" alisema. Halafu akapiga kelele, "Nini hiki?"

Wakati watu wanasukumana, popo wa kweli walikuwa wamebaki peke yao angani. Walizunguka bila kujua pa kwenda. Mmoja akakata kona kuelekea kijitoni, akajitupa kwenye mkuyu, na mwingine akamfuata, kisha wote. Waliparamia matawi vibaya, wakigombana, na maganda na makapi ya matunda yakaanza kudondoka chini.

"Ndio hawa tu?" alisema mwanamume mmoja jukwaani.

"Wananuka," alijibu mwenzake, akaziba pua.

Waziri alikwisha kuondoka, na nyuma yake wageni wakaanza kukimbilia mabasi wakitukana. Sauti ya Kalaghe ikapasuka kwenye redio. "Washa! Sema ni hitilafu! Washa sasa hivi!"

"Sitaki."

"Basi nitasafisha mwenyewe." Na nyuma ya jukwaa mwewe akainuka, mweusi, taa nyekundu ikimetameta kifuani, akageuza kichwa kuelekea mkuyuni.

Nakunda alishika kipaza sauti cha jukwaa. "Sikilizeni! Wale walio mkuyuni ni popo wa kweli. Chombo kile kinakwenda kuwaua. Hakishuki penye watu. Nendeni mkasimame chini ya mti, tafadhali!"

Hakuna aliyekwenda. Watu walitazama juu, wakatazama mabasi, wakachagua mabasi. Nakunda alisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye spika zote za bonde.

"Shangazi," alisema. Haikuwa tena sauti ya mhandisi. "Shangazi Naetwe. Wale wote walikuwa wa kwangu. Tangu ile masika ya kwanza. Hawakurudi, shangazi, nilikuwa nawarusha mimi. Hawa wa leo ndio wamerudi."

Kwaya ilikuwa imesimama palepale. Naetwe alishika popo wa plastiki kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshika sahani. Aliinua uso akatazama kibanda juu ya jabali, kwa muda mrefu. Mwewe alikuwa anazunguka, kila mzunguko chini zaidi.

Naetwe alimweka yule popo kwenye nyasi. Akajifunga kanga kiunoni, akateremka kijitoni bila kuharakisha, akasimama chini ya mkuyu. Baadhi ya wenzake wakamfuata. Wengine walikaa chini kwenye matope, wakajifunika nyuso. Mwewe akafika juu ya mti, akasita, akapanda juu kidogo, akabaki hapo akizunguka na taa yake nyekundu.

Nakunda alitoka mbio. Aliteleza, akaanguka, akaamka, akafika ukingoni mwa kivuli cha mkuyu akihema. Harufu ilikuwa kali. Juu popo walikuwa wanatafuna na kutema, na makapi yaliwaangukia akina mama mabegani. Naetwe hakuyapangusa.

"Shangazi."

"Usije."

"Shangazi, nilikuja kukuambia jana, nikashindwa..."

"Nimesema usije." Naetwe hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa makavu, na Nakunda alikumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kukauka machozi kwa miaka. "Hawa hawajanidanganya, ndiyo maana nimesimama nao. Wewe simama huko huko."

Nakunda akasimama huko huko kwenye mvua, nyuma yake mabasi yakiwashwa injini moja baada ya jingine, mbele yake wanawake wa Ikanyeni wamempa mgongo, na hakuna upande uliomwita.